Kupima Kitambaa kwa Pishi: Tathmini ya Maendeleo ya Mwanafunzi wa Kiingereza katika Shule za Upili

Mwenye duka la nguo hapimi kitambaa kwa pishi. Si kwamba pishi ni kipimo kibovu. Kwa mchele na maharagwe imewafaa watu wa mwambao kwa karne nyingi. Tatizo ni kuwa kitambaa hutaka kujulikana urefu wake, na pishi haijui urefu ni nini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika kufundisha Kiingereza shuleni mwetu tumekuwa tukifanya jambo linalokaribiana na hilo: tunacho kipimo kizuri cha kuwapanga wanafunzi foleni, nasi tunakitumia kupimia jambo jingine kabisa, yaani maendeleo yao.

Yamkini msomaji atauliza, Kiingereza kimeingiaje katika jarida la wapenzi wa Kiswahili? Sababu ninazo mbili. Ya kwanza ni ya mkate wa kila siku. Wengi wetu tutakaotoka hapa na shahada za Kiswahili tutajikuta katika shule zenye uhaba wa walimu, na mwalimu mkuu hatauliza ulisomea nini ikiwa Kidato cha Pili hakina mwalimu wa Kiingereza. Lugha ni lugha, utaambiwa. Ya pili ni kwamba kipimo chenyewe ni kimoja. Mwongozo wa kusahihisha insha ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE na ule wa insha ya Kiswahili huwagawa watahiniwa katika viwango vilevile vinne: D kuanzia alama 1 hadi 5, C kuanzia 6 hadi 10, B kuanzia 11 hadi 15, na A kuanzia 16 hadi 20. Kwa hivyo litakalosemwa hapa kuhusu jirani linatuhusu nasi, na pengine ni rahisi kuliona kosa likiwa kwa jirani.

Mimi mwenyewe nilikabidhiwa Kiingereza kwa njia hiyohiyo. Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili nilifundisha miaka miwili na ushei katika shule moja ya kutwa, na mwalimu wa Kiingereza alipohamishwa nikapewa Kidato cha Pili chenye wanafunzi karibu sitini. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekaa safu ya tatu, karibu na dirisha. Muhula wa kwanza alipata alama 13 kati ya 20 katika insha. Muhula wa pili akapata 12. Muhula wa tatu akapata 9. Kwenye ripoti yake nikaandika, kwa wino mwekundu na kwa mkono usiosita: "Anazembea. Aongeze bidii." Ripoti ikaenda nyumbani.

Shule ilipofungwa nilibaki na rundo la madaftari niliyotakiwa kuyahesabu. La msichana yule lilifunguka mikononi mwangu, nami nikalisoma kuanzia Januari hadi Novemba kwa mpigo, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya kwa daftari la mwanafunzi yeyote. Insha ya Januari ilianza kwa jua kuchomoza, ndege kuimba na mhusika kuruka kutoka kitandani. Kila aliyepitia shule zetu anaijua. Ni sentensi zilizokaririwa kutoka vitabu vya insha za mfano, safi kama maji ya kisima, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Insha ya Novemba ilisimulia jinsi mbuzi wa bibi yake alivyopotea na jinsi majirani walivyogawanyika kuhusu nani aliyemchukua. Ilikuwa ndefu maradufu. Ilikuwa na mazungumzo, dhana, hata kejeli. Ilikuwa pia na makosa chungu nzima: "she has went", "he teached", "the goat which it was lost". Makosa hayo ndiyo niliyoyahesabu. Mwanafunzi aliyekuwa ameanza kuandika lugha kwa mara ya kwanza nilimwambia mzazi wake kwamba anazembea.

Maendeleo ni mwendo

Neno "maendeleo" limetokana na kitenzi "enda", likapitia "endelea". Ndani yake mna mwendo, na mwendo haupimwi kwa nukta moja. Huhitaji nukta mbili na mtu yuleyule aliyetoka katika nukta ya kwanza kufika ya pili. Hili ni jambo la wazi mno kiasi cha kuonekana halihitaji kusemwa, lakini hebu tuangalie ripoti ya kawaida ya shule ya upili. Ina alama, gredi, na nafasi ya mwanafunzi darasani. Nafasi humlinganisha mwanafunzi na wenzake. Iwapo darasa zima limepiga hatua tano, aliyekuwa wa 34 atabaki kuwa wa 34, na mzazi atadhani mwanawe amesimama palepale. Alama nazo hutokana na mitihani tofauti yenye ugumu tofauti. 55 ya Machi na 55 ya Julai si nukta mbili za mstari mmoja.

Wataalamu wa elimu hutofautisha tathmini tamati, inayofanywa mwishoni ili kutoa uamuzi, na tathmini endelezi, inayofanywa njiani ili mwalimu na mwanafunzi wajue la kufanya kesho. Kutofautisha huku ni maarufu katika mihadhara ya ualimu. Lisilosisitizwa vya kutosha ni kwamba jina la tathmini haliamuliwi na siku inapofanywa. Jaribio la wiki ya tano ambalo hurudishwa likiwa na namba tu juu ya karatasi ni tathmini tamati iliyofanywa mapema. Shule nyingi zina majaribio mawili au matatu kwa muhula na huamini kwamba zinatathmini mfululizo. Kwa kweli zinatoa hukumu mfululizo.

Kosa kama dalili ya kukua

Katika lugha kuna utata ambao hesabu au jiografia haina kwa kiwango hiki: mwanafunzi anaweza kuonekana anarudi nyuma kwa sababu anasonga mbele.

Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alichapisha makala iliyogeuza namna makosa ya wajifunzaji yalivyotazamwa. Hadi wakati huo kosa lilichukuliwa kuwa magugu ya kung'olewa. Corder alidai kwamba kosa ni ushahidi: humwonyesha mwalimu ni kanuni ipi mjifunzaji ameiunda kichwani mwake kwa wakati huo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, Larry Selinker aliupa mfumo huo wa muda jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita lugha-kati, yaani lugha ambayo si ya kwanza ya mjifunzaji wala si ile anayoilenga, bali ina kanuni zake zinazobadilika kila uchao.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa wakati uliopita katika Kiingereza. Mjifunzaji huanza kwa kusema "went" sawasawa, kwa kuwa amelisikia neno hilo likiwa zima kama lilivyo. Kisha anagundua kanuni ya kuongeza "-ed", anafurahia uvumbuzi wake, anaanza kusema "goed". Baadaye hutambua kwamba vitenzi vingine havifuati kanuni, anarudi kwenye "went". Ukimpima katika hatua ya kwanza na ya pili, utasema amepotoka. Ukweli ni kwamba katika hatua ya kwanza hakuwa na kanuni yoyote. Ya pili ndiyo ya kwanza yenye sarufi.

Sisi wa Kiswahili tunao mfano ulio mzuri kuliko huo, nao tunauona kila siku. Mtoto wa Kenya husema "rafiki yangu" bila kufikiri. Anapofundishwa ngeli ya A-WA na kuambiwa kwamba viumbe vyenye uhai huchukua upatanisho wa "wangu", huanza kuandika "rafiki wangu" na "dada wangu", kwa uaminifu kabisa kwa somo alilofundishwa. Kisha hufundishwa kwamba nomino za uhusiano hupatanishwa vingine, anarudi kwenye "rafiki yangu". Msahihishaji wa hatua ya pili humkata alama. Je, ni mwalimu yupi kati yetu amewahi kuandika pambizoni, "Hongera, umeanza kuelewa A-WA"?

Hapa ndipo kuhesabu makosa kunapompotosha mwalimu. Roger Brown, katika utafiti wake kuhusu watoto wanaopata Kiingereza uliochapishwa mwaka 1973, hakuhesabu makosa peke yake. Aliangalia mahali ambapo sarufi inalazimu kiambishi fulani kiwepo, kisha akauliza mtoto amekiweka mara ngapi kati ya nafasi hizo. Nilijaribu njia hii kwa madaftari machache. Chukua mwanafunzi ambaye insha yake ya kwanza ina nafasi sita zinazodai wakati uliopita, akapata tano. Insha ya pili ina nafasi thelathini, akapata ishirini na moja. Kwa hesabu ya makosa ametoka kosa moja hadi makosa tisa. Kwa asilimia ametoka 83 hadi 70. Kwa hesabu zote mbili ameshuka, na hata njia ya Brown haimwokoi ikitumiwa peke yake. Kinachomwokoa ni kutazama hizo nafasi thelathini zenyewe: alipokuwa akisema mambo sita, sasa anasema thelathini, na mengine ni yale ambayo mwaka jana asingethubutu kuyaanza. Upana wa lugha na usahihi wake ni vitu viwili, navyo mara nyingi huvutana kama kamba.

Kupima ulimi kwa kalamu

Lugha ni sauti kabla ya kuwa maandishi. Hilo tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza katika kozi ya utangulizi wa isimu. Lakini mtu anaweza kumaliza miaka minne ya shule ya upili, akapata gredi A katika Kiingereza, bila mtahini yeyote kuisikia sauti yake.

Mtihani wa KCSE wa Kiingereza una karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Ya kwanza ina alama 60: uandishi wa kiuamilifu alama 20, kifungu chenye mapengo alama 10, na stadi za kuzungumza alama 30. Ya pili ni ya ufahamu, fasihi na sarufi, alama 80. Ya tatu ni ya insha na vitabu teule, alama 60. Hizo alama 30 za kuzungumza ndizo ninazotaka tuzitazame, kwa sababu zote huandikwa. Mtahiniwa hupewa neno na kutakiwa aandike jingine linalotamkwa sawa na hilo. Hupigia mstari silabi yenye mkazo. Huulizwa angefanya nini na sauti yake angesoma beti fulani mbele ya hadhira. Hupewa mazungumzo ya watu wawili na kutakiwa aeleze ni wapi mmojawapo alikosa adabu.

Nilikuwa na mvulana aliyejua kwamba "record" ikiwa nomino mkazo uko mwanzoni na ikiwa kitenzi mkazo uko mwishoni. Aliandika hivyo katika kila jaribio na alipata alama zake. Alipolisoma neno hilo kwa sauti katika sentensi, mara zote mkazo ulikuwa mahali pamoja. Hakuwa mwongo wala mvivu. Alikuwa amejifunza kwa makini kile hasa kilichopimwa, yaani maelezo kuhusu kuzungumza. Tusimcheke, maana katika karatasi yetu ya pili tuna alama 10 za isimujamii, na kila mwalimu wa Kiswahili anamjua mtahiniwa aliyekariri kwamba sajili ya hospitalini ina "kuchanganya ndimi, msamiati maalumu na sentensi fupifupi", akaandika yayo hayo hata alipoulizwa kuhusu sajili ya mahakamani.

Haikuwa lazima iwe hivi. Mtihani wa umahiri wa Kiingereza ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1913 kwa ajili ya wageni ulichukua takribani saa kumi na mbili, ukiwa na imla, kusoma kwa sauti na mazungumzo. Watahiniwa wa mwaka huo walikuwa watatu, na wote watatu walianguka. Kwa watu watatu unaweza kuwasikiliza wote kwa nafasi. Kwa malaki ya watu mambo hubadilika, na historia ya upimaji wa Kiingereza duniani ni historia ya mvutano huo. TOEFL, mtihani wa Marekani unaowahusu wanaotaka kwenda kusoma huko, ulianza mwaka 1964 kwa maswali ya kuchagua majibu, na haukuifanya sehemu ya kuzungumza kuwa ya lazima ndani yake hadi toleo la intaneti la mwaka 2005. Kwa miaka arobaini, vyuo vikuu vilipokea wanafunzi wenye alama za juu ambao semina ziliwashinda.

Hapa kwetu kuna jambo la kustaajabisha kidogo. Katika KCSE hiyohiyo, anayefanya Kifaransa au Kijerumani huketi mbele ya mtahini na kuzungumza. Lugha za kigeni ambazo Mkenya wa kawaida huenda asizungumze kamwe baada ya shule hupimwa kwa ulimi, ilhali Kiingereza na Kiswahili, lugha rasmi mbili za nchi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hupimwa kwa kalamu tupu. Sababu ni idadi. Tufanye hesabu ndogo. Mwaka 2024 watahiniwa wa KCSE walikuwa zaidi ya 900,000. Tukimpa kila mmoja dakika kumi za mazungumzo, tunapata saa 150,000. Mtahini anayesikiliza saa sita kwa siku huwasikiliza watu 36, kwa hivyo tungehitaji siku 25,000 za kazi; watahini elfu moja wangemaliza kwa siku 25. Ni ghali, lakini si muhali. Ugumu mkubwa zaidi ni kuwafanya watahini hao elfu moja waisikie sauti moja na kuipa alama moja, na hapo ndipo ninapowaelewa wale walioamua kwamba bora kalamu.

Ila gharama ya uamuzi huo hulipwa darasani. Kisichotahiniwa hakifundishwi. Kipindi kilichoandikwa "kusikiliza na kuzungumza" katika ratiba ya kazi hugeuka kuwa kipindi cha kunakili orodha ya maneno yenye herufi zisizotamkwa. Katika shule niliyofundisha, mwanafunzi aliyezungumza Kiingereza chenye makosa alichekwa, na aliyezungumza lugha nyingine alivishwa kibao shingoni. Aliyenyamaza alikuwa salama pande zote mbili, na mtihani haukumdai chochote.

Mkono unaosahihisha

Hata tukibaki kwenye maandishi, swali la uthabiti halikwepeki: je, insha moja ingepata alama zilezile mikononi mwa mwalimu mwingine? Mwaka 1912 huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott waliwapa walimu zaidi ya mia moja wa Kiingereza nakala za karatasi moja ya mwanafunzi waisahihishe kwa alama mia. Waliotoa chache walitoa 64, waliotoa nyingi walitoa 98. Karatasi ni ileile. Baraza la Mitihani hupambana na tatizo hili kwa kuwakusanya watahini, kuwapa mwongozo na kuwafanyisha mazoezi ya pamoja kabla ya kazi kuanza. Shuleni hatuna anasa hiyo. Mwalimu husahihisha usiku, baada ya chakula, na insha ya hamsini na nne husomwa na mtu tofauti na aliyesoma ya kwanza, ingawa jina lake ni lile.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila mwalimu wa lugha aujue. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa wanafunzi wa shule za Israeli. Baadhi yao walirudishiwa kazi zikiwa na alama peke yake, wengine zikiwa na maoni peke yake, na wengine zikiwa na alama pamoja na maoni. Waliopata maoni peke yake ndio waliofanya vyema zaidi baadaye. Waliopata vyote viwili hawakufaidika na yale maoni, alama iliyameza. Aliyewahi kurudisha madaftari darasani hahitaji ushahidi zaidi. Mwanafunzi hufungua, hutazama namba, humtazama jirani, hufunga. Yale maelezo uliyoyaandika kwa dakika saba hayajasomwa. Nami naungama kwamba nilipojaribu kurudisha insha bila alama, wanafunzi walilalamika na mkuu wa idara akaniuliza alama za kujaza kwenye ripoti zitatoka wapi. Nilifikia mapatano: maoni Jumatatu, alama Ijumaa baada ya insha kuandikwa upya.

Yanayowezekana katika darasa la watu sitini

Mtaala wa umilisi, uliochukua nafasi ya 8-4-4 hatua kwa hatua, umelitambua tatizo hili kwa maandishi. Ndani yake kusikiliza na kuzungumza ni mada kuu inayojitegemea, na mwanafunzi hapangwi nafasi bali huelezwa kama anazidisha matarajio, anayafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Kundi lake la kwanza lilifanya tathmini ya mwisho wa sekondari ya chini mwaka 2025, na viwango hivyo vinne vikagawanywa kuwa vinane. Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 wanatarajiwa kuifanya KCSE mwaka 2027. Nauona mwelekeo huu kuwa mzuri, lakini nina shaka moja. Matarajio nayo hupanda kila mwaka. Mtoto anayepiga hatua mfululizo anaweza kuandikiwa "anakaribia" Gredi ya 7, "anakaribia" Gredi ya 8, na "anakaribia" Gredi ya 9, na mzazi asijue kama mwanawe amesafiri mwendo mrefu au hakuondoka mlangoni. Kiwango peke yake, kama nafasi darasani, ni nukta moja.

Kinachohitajika ni kuhifadhi nukta ya kwanza. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni rahisi hata kuaibisha: kila mwanafunzi ana bahasha, na ndani yake mna insha aliyoiandika darasani Januari, bila kitabu, juu ya jambo alilolishuhudia. Insha hiyo haisahihishwi. Huandikwa tarehe na kuwekwa. Agosti huandikwa nyingine juu ya mada inayokaribiana, na mwanafunzi mwenyewe huketi na zote mbili na kujibu kwa maandishi: ni sentensi gani ya Agosti ambayo nisingeweza kuiandika Januari? Swali hili huwachanganya mwanzoni, kwa kuwa wamezoea kuulizwa wamekosea wapi. Wakishalielewa, hukaa kimya muda mrefu wakitafuta.

Kwa kuzungumza, nilitenga dakika tano za mwanzo wa kila kipindi. Mwanafunzi mmoja husimulia kwa dakika moja, mwenzake humuuliza maswali mawili, nami huandika mstari mmoja katika daftari langu: alisema nini, alikwama wapi, alijikwamua vipi. Hilo la tatu ndilo nililojifunza kulithamini zaidi, maana anayekosa neno akalizunguka kwa maneno mengine ameshaanza kuimiliki lugha. Kwa vipindi sita vya wiki, kila mmoja wa wanafunzi sitini hufikiwa mara moja katika wiki kumi. Ni kidogo sana, lakini kwa mwaka ni nukta tatu, ambazo ni tatu zaidi ya zile zinazotolewa na mtihani.

Lililonishinda nilitaje pia. Nilijaribu kuwafanya wanafunzi wasahihishane, nikitumaini kujipunguzia mzigo. Waliyasaka makosa ya tahajia kwa ukali kuniliko, na hawakuona kitu kingine. Walikuwa wanafunzi wangu hasa.

Yule msichana wa safu ya tatu aliingia Kidato cha Tatu nikiwa bado mwalimu wake kwa muhula mmoja. Nilimwita chumba cha walimu, nikampa insha yake ya jua na ndege, na ile ya mbuzi, nikamwomba azisome kwa sauti. Ile ya kwanza aliisoma huku akicheka, akaifikisha nusu na kuiweka mezani.

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona hii ulinipa kumi na tatu?"

Nilimweleza habari za mwongozo wa kusahihisha, viwango vinne, na makosa ya sarufi. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza, kisha akaomba arudishiwe ile ya mbuzi, kwa kuwa bibi yake alitaka kusomewa.